Kadi ya Shingo na Kadi ya Mdomo

Siku ya nne ya matanga ya mama yangu, wageni wa heshima walikuwa wamekwisha kurudi makwao, tukabaki sisi wa kuosha sufuria. Mimi nilikuwa miongoni mwao, maana sijawahi kujua kukaa kitini nikipewa pole. Upande wa pili wa karai alichutama Clarisse. Ni binti wa mdogo wake mama, marehemu Mama Mdogo Bea. Alikuwa na miaka sita mama yake alipofia nyumbani kwetu hapa Likasi, akachukuliwa na ndugu wa baba yake hadi Kolwezi, na tangu hapo tumekuwa tukionana kwenye misiba tu. Alikuwa amefunga kitambaa shingoni katika joto lile la kabla ya mvua. Nilikiona tangu siku ya kwanza, nikajifanya sikukiona. Akiwa anakwangua ukoko wa bukari, ugali wetu, bila kuinua uso, aliniambia kwamba daktari wa Kolwezi amemkuta na ugonjwa wa tezi ya shingoni, ile inayokwenda mbio kupita kiasi na kuuchosha moyo. Amempa vidonge, lakini hajaanza kuvimeza. Daktari alimwonya kwamba siku akiona vidonda mdomoni, au fizi zikivimba, au koo likimuuma pamoja na homa, aviache siku hiyo hiyo na akimbilie kupimwa damu, kwa sababu kwa watu wachache vidonge hivyo humaliza chembe za damu zinazolinda mwili, na mdomo ndio huanza kuharibika. Kisha daktari akamuuliza kama kuna mtu wa ukoo aliyewahi kuvitumia vikamdhuru. "Nilimuambia nitauliza ku Likasi," Clarisse alisema, akiniita yaya kama dada mkubwa anavyoitwa kwetu. "Yaya, mama yangu alikufa na nini?"

Lilikuwa swali la haki, na jibu lake nilikuwa nalo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Nilimwambia tumalize kwanza sufuria. Hilo ni jibu la mwoga, nalijua. Tukamaliza sufuria, tukamaliza masahani, na hata bakuli la chumvi ambalo halikuwa chafu nililiosha, ndipo nikakaa juu ya kinu kilichopinduliwa nikamsimulia mwaka wa mwisho wa mama yake. Ninauandika hapa kwa sababu mama yangu hayupo tena wa kunikataza, na kwa sababu nimechoka kuitwa mwenye akili wa familia.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza sekondari, nakaa kwenye kambi ya wafanyakazi nikingoja kazi ambazo hazikuwepo tena. Wa rika langu wa Likasi hawahitaji kuelezwa miaka ile ya tisini. Majirani zetu wenye asili ya mkoa wa Kasai walikuwa wamefukuzwa, wameondoka kwa treni, nyumba zao zimeingia watu wengine, na mezani hakuna aliyewataja. Kampuni iliyotujengea nyumba, shule na uwanja wa mpira ilikuwa inakufa. Mshahara ulikuja ulipojisikia. Unga wa posho ulipungua kutoka gunia hadi kikapu. Baba aliamka kila asubuhi, akavaa kofia yake ya kazi, akaenda kukaa na wenzake kwenye benchi la karakana hadi saa ya kurudi. Kilichobaki kilikuwa hospitali ya kampuni, nayo ilitibu majina yaliyoandikwa kwenye kadi, yaani mfanyakazi, mke wake na watoto wake. Dada wa mke hakuwemo. Mama mkwe hakuwemo. Basi kambi nzima iliazimana kadi. Hazikuwa na picha, na wauguzi nao walikuwa na dada zao, wakatazama pembeni. Mimi mwenyewe, nilipovuka umri wa kuandikwa kama mtoto wa mfanyakazi, nilichomwa sindano za malaria kwa jina la binti wa jirani, na niliitwa mara tatu kabla ya kukumbuka kwamba ni mimi. Siku nyingine jina moja liliitwa kwenye ule ukumbi wa kungojea wakasimama wanawake wawili, na watu walicheka hadi muuguzi akacheka. Hatukuona kuwa ni uongo. Tuliona ni ujirani, na mpaka leo sijui ningeuita nini.

Mama Mdogo Bea alifika kutoka vijiji vya ziwa Tshangalele mwanzoni mwa kiangazi, na kikapu cha samaki wa kukauka kichwani na Clarisse mkononi. Alikuwa mchuuzi wa samaki, mwanamke wa maneno mengi, ambaye kabla ya hapo angeweza kukuuzia samaki hata kama umekuja kumuuzia yeye. Safari hii alikuwa amebaki mifupa. Alikula kuliko baba. Bukari yake ilikuwa mlima, sombe ya majani ya muhogo aliikomba hadi mwisho wa sahani, kisha alitazama za wengine, na bado kila juma ilibidi apunguze kiuno cha sketi kwa pini. Mikono ilimtetemeka hata chai ikamwagika kwenye kisahani. Alilalamikia joto wakati sisi tunajifunika mablanketi ya Juni. Mama alimtania mbele yetu kwamba ameleta tumbo la wavuvi wote wa ziwa. Lakini nyuma ya pazia la jikoni nilimsikia akimwambia baba kwa sauti ya chini kwamba anaogopa ni ule ugonjwa wa kukonda ambao hakuna aliyeutaja kwa jina. Nilichukia kumsikia akisema hivyo kuhusu mdogo wake, na siku mbili baadaye nilikuwa nikificha kikombe changu. Chini ya kitambaa chake cha shingo kulikuwa na uvimbe, rovu la ukubwa wa limau, na ukiuangalia uliuona ukipigapiga pamoja na moyo.

Tulimpeleka hospitali kwa kadi ya mama. Hilo halikuhitaji akili, kila mtu alifanya hivyo. Daktari alikuwa kijana aliyetoka Lubumbashi, mgeni kabisa, hakumjua mama, na Mama Mdogo akawa mama yangu kwa dakika ishirini. Daktari yule alikuwa mzuri. Alishika shingo kwa vidole vya pande zote mbili, akamwambia ameze mate, akamwomba anyooshe mikono akaweka karatasi juu yake kuona inavyotetemeka. Akasema huu si ule ugonjwa tunaoufikiria, ni tezi, na dawa ipo, ingawa hajui itakuwepo kwa muda gani. Aliandika yote kwenye kadi ya mama kwa mwandiko safi, na akasema turudi baada ya miezi miwili. Kama alitoa onyo lolote kuhusu mdomo, mimi sikulisikia, na nilikuwa nimekaa pale pale nikitafsiri Kifaransa chake. Sitamzulia kosa ambalo sina hakika nalo. Nina ya kwangu ya kutosha.

Vidonge vilifanya kazi. Mtu asiyejua hilo hataelewa yaliyofuata. Katika juma la tatu Mama Mdogo alilala usiku kucha. Katika la nne alimimina chai ya watu sita bila kumwaga tone, mama akaweka kijiko chini akalia, na baba akajifanya anatafuta sukari ambayo hatukuwa nayo. Alianza tena kuuza samaki soko la Kikula. Alianza tena kusema. Alimwambia mama kwamba mvua zikianza atarudi ziwani na Clarisse na atatuletea samaki wabichi, si hawa wa kukauka ambao watu wa mjini wanadhani ndio samaki. Nyumbani vidonge vile vilipewa heshima kama ya sakramenti. Mimi ndiye niliyevitunza. Niliviweka kwenye kopo la maziwa ya unga, juu ya kabati, na nilivitoa kwa saa, asubuhi, mchana na jioni, bila kukosa hata mara moja. Ninajua kwa hakika kwamba sikukosa hata mara moja.

Mdomo ulianza juma la sita. Kwanza alisema chumvi inamchoma. Kisha fizi zikawa nyekundu kama nyama mbichi, zikavimba mpaka zikafunika nusu ya meno, na ukipita karibu yake ulisikia harufu. Vidonda vyeupe vilitokea ndani ya mashavu na chini ya ulimi. Mama alimpa maji ya chumvi, kisha karafuu, kisha majani fulani aliyopewa na mwanamke wa kwaya. Clarisse, aliyekuwa akilala naye kitanda kimoja, alihamia kwangu bila kuambiwa, na nilimwona mama yake akimtazama anavyobeba mto wake. Mezani Mama Mdogo alikaa na sisi ingawa hakula. Alichovya kipande cha bukari kwenye mchuzi, akakisogeza karibu na mdomo, akakirudisha. Baba alisema ni jino. Mama alisema ni jino. Gego moja upande wa chini lilikuwa limetoboka tangu zamani, kila mtu alilijua. Kuhusu shingo hakuna aliyesema chochote, kwa sababu shingo ilikuwa inapona.

Basi ikawa ni kwenda kwa fundi wa meno, na hapo ndipo palipokuwa na ugumu. Huyu fundi wa hospitali, tuliyemwita Papa Dentiste, alimjua mama vizuri. Alikuwa amemng'oa magego manne kwa mkono wake mwenyewe, moja baada ya jingine, na kila moja aliliandika kwenye kadi. Mwanamke mwenye meno kamili asingeweza kukaa kwenye kiti chake kwa jina la mama. Baba alisema tuache, tutafute mtu wa kung'oa kule sokoni. Mimi ndiye niliyesema. Nilikuwa nachambua mchele, nakumbuka hata mawe niliyoyatenga pembeni ya sinia. Nilisema jirani yetu Mama Odile hajawahi kukanyaga kwa Papa Dentiste, meno yake ni mazima, kadi yake upande huo ni nyeupe. Shingo itabaki kwenye kadi ya mama, mdomo utakwenda kwenye kadi ya Mama Odile, na kadi mbili hazitakutana kamwe. Baba akacheka, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi mwaka ule. "Huyu mutoto iko na kichwa," alimwambia mama. "Njo huyu atatuokoa." Mama Odile alitoa kadi bila kuuliza mara mbili, na akaongeza mayai mawili kwa ajili ya mgonjwa. Nilikwenda kulala nikiwa nimeshiba sifa. Msichana aliyemaliza shule na hana kazi hashibi kitu kingine.

Chumba cha Papa Dentiste kilikuwa mwisho wa ukumbi, na dirisha lililopakwa rangi nyeupe hadi katikati. Kiti kilikuwa cha ngozi iliyochanika, kimezibwa kwa plasta. Bomba halikutoa maji, kulikuwa na ndoo mbili, moja safi na moja ya kutemea. Mama alibaki nje, maana angetambuliwa. Niliingia na Mama Mdogo Bea, ambaye siku ile alikuwa Mama Odile, amefunga kitambaa kikubwa hadi chini ya kidevu, homa inamtetemesha. Papa Dentiste alimfungua mdomo kwa kijiko chake cha chuma na kioo kidogo, akatazama kwa muda mrefu. Aliligusa lile gego lililotoboka, akaliacha. Aligeuka akanawa mikono, akarudi akatazama tena. Alikuwa mzee wa kazi, hakusoma sana, lakini alikuwa ameona midomo ya mji mzima. "Hii kanwa haiko ya jino," aliniambia. "Jino moja haiwezi kufanya kanwa yote hivi. Kuko kintu ingine mu mwili. Iko na ugonjwa gani? Anakunywa dawa gani?"

Nimeyapima maneno yale miaka yote hii na sijaona swali zuri zaidi. Mtu yule asiye na maji wala dawa ya ganzi ya kutosha alikuwa ameshika ukweli kwa ncha ya kijiko chake, na alichohitaji ni neno moja. Nilifikiri haraka. Mama Odile haumwi kitu. Mama Odile hanywi dawa. Nikisema shingo, ataomba kuona kwenye kadi, na kadi ni nyeupe. Baba angefutwa kazi, maana mwaka ule walitafuta sababu za kufuta watu. Hayo yote ni kweli, na nimejitetea nayo mara nyingi. Lakini nitaandika na lile jingine, kwamba nilijisikia fahari. Nilikuwa nimelitazamia swali hili, nilikuwa nimejiandaa, na jibu lilitoka laini kama la mtihani.

"Hapana, Papa," nilisema. "Hana dawa anakunywaka."

Aliniuliza mara ya pili, nikajibu vile vile. Mama Mdogo hakuweza kusema, ulimi ulikuwa umejaa vidonda. Papa Dentiste alishusha pumzi, akasema basi tuanze na tunachokiona, akang'oa lile gego na jirani yake lililokuwa linacheza. Alitupa dawa ya kusukutua na akasema homa ikiendelea nimrudishe upesi. Njiani mama aliuliza imekuwaje, nikamwambia hakuna tatizo, amekubali kadi.

Siku zilizofuata shavu lilivimba hadi jicho likafumba. Hakuweza kumeza, na mimi, mtunza vidonge, niliogopa ile shingo isije ikarudia. Kwa hiyo nilivisaga. Nilivisaga kwa kitako cha chupa juu ya kibao, nikavikoroga kwenye uji mwepesi wa mahindi, nikamlisha kwa kijiko cha mtoto. Kila kijiko kilimuuma, machozi yalimtoka pembeni, na nilimbembeleza: kimoja tena, Mama mudogo, hiki ni cha dawa. Alikunywa. Aliniamini kwa sababu kila mtu nyumbani alikuwa ameniamini. Nikisikia leo mtu anasaga kitu kwa chupa, natoka nje.

Asubuhi ya siku ya tano alianza kupoteza fahamu. Baba alisema apelekwe hospitali, na wote tukakubali, na hapo tukaanza kubishana ni kwa kadi ipi. Sitaki kulipamba jambo hili. Tulisimama uani, watu wazima wawili na mimi, jua likipanda, tukibishana. Mama alisema ya kwake, kwa sababu daktari wa shingo anamjua mgonjwa. Mimi nilisema ya Mama Odile, kwa sababu mdomo umeandikwa huko, na wakiona mashimo mapya ya meno kwenye kadi ya mama watauliza. Baba alisema kadi mbili zikikutana ni yeye atakayetupwa nje, na sisi wote pamoja na nyumba. Mama Odile alisimama kwenye ukuta mfupi kati ya nyumba zetu akisema chukueni yoyote, jamani, chukueni tu. Nilikuwa bado naeleza mpango, nilikuwa na mpango mwingine, wakati Clarisse alipotoka mlangoni akasema mama amelala na macho wazi.

Hospitali haikumwandika, kwa kuwa hakuwa kwenye kadi yoyote. Tulimzika kwa jina lake mwenyewe, jina ambalo mwaka ule mzima halikuandikwa na daktari yeyote. Ukoo ulisema ni homa ya jino, na ndugu wa mume wakanong'ona juu ya wachuuzi wenzake wa Kikula, kwamba kuna aliyemwonea wivu. Tuliwaacha wanong'one. Mwanamke mmoja mnyenyekevu alihama soko kwa sababu ya minong'ono ile, nasi tulijua si yeye. Kiasi cha miaka kumi baadaye nilimsindikiza rafiki hospitali ya Lubumbashi, akapewa vidonge vile vile na onyo lile lile kuhusu mdomo. Niliporudi nilimweleza mama. Alinisikiliza hadi mwisho, akanyanyuka akaenda kugeuza samaki motoni. "Unyamaze," alisema. "Mutoto wake iko na maisha yake ku Kolwezi." Nilinyamaza. Nilimchukia mama kwa neno lile, na lilinipumzisha vile vile, na sikumsamehe kwa kunipumzisha.

Clarisse alinisikiliza bila kulia. Aliniuliza jina la vidonge, nikamtajia. Aliniuliza ni juma la ngapi mdomo ulianza, nikamwambia la sita, akarudia kwa midomo ili asisahau kwa daktari wake. Aliniuliza kama mama yake alipata nafuu kabla, nikamwambia habari za chai, na hapo tu ndipo alipofunika uso kwa upande wa kanga. Nilidhani tumemaliza. Nilianza kupanga masahani kwenye karai.

"Na eye mwenyewe?" aliuliza. "Ku dentiste. Mama hakufanya kintu?"

Tumesema siku zote kwamba alikuwa dhaifu mno, hakujua linaloendelea. Mama yangu amekwenda kaburini akisema hivyo, na mimi nimelisema kwa shangazi zake Clarisse wote.

"Alifanya," nilimjibu. "Wakati Papa Dentiste anauliza mara ya pili, aliinua mukono kufungula kitambaa ya shingo, amuonyeshe. Minye nilimushika ule mukono. Niliuteremusha juu ya magoti yake, nikaukamata nguvu mupaka meno yote mbili inatoka. Papa Dentiste alisema niko mutoto wa huruma."